Rodelero: Mwongozo wa Kumtumia Askari wa Upanga na Ngao

Katika vibanda vya gemu vya Kasulu na Kibondo mpira wa miguu ndio unaotawala skrini, wala si ajabu, kwa kuwa mechi moja huisha upesi na anayefungwa humpisha mwenziwe. Lakini kijana akishapata kompyuta ya kwake, aghalabu hutamani mchezo mrefu zaidi, wenye dola, majeshi na hazina ya kusimamia, na hapo ndipo wengi hukutana na Age of Empires III, iliyotengenezwa na kampuni ya Ensemble Studios na kutolewa mwezi Oktoba 2005, kisha ikafanyiwa ukarabati na kutolewa upya mwezi Oktoba 2020. Mwongozo huu nimewaandikia wale waliochagua kuongoza Hispania katika mchezo huo, wakamwona askari mwenye upanga na ngao aitwaye Rodelero, wakapendezwa na umbo lake, wakamfyatua mbele kama risasi, kisha wakabaki wakishangaa kundi zima limekwenda wapi.

Kosa halimo katika askari. Rodelero ni mlinzi, naye hutumiwa kama mshambuliaji; na mchezaji akilifahamu jambo hilo moja kwa undani, sehemu kubwa ya yafuatayo humjia yenyewe.

Askari huyu ni nani, na mchezo umemgeuza vipi

Rodelero wa kweli alikuwa askari wa miguu wa Hispania mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, mwenye upanga, ngao ya mviringo, na akijaliwa, kofia ya chuma na deraya ya kifua. Fadhila yake ilikuwa katika ukaribu. Katika vita vya Ravenna, mwezi Aprili 1512, askari hawa waliinama wakapita chini ya mikuki mirefu ya Wajerumani wa kukodiwa, wakaingia baina yao mahali ambapo mkuki mrefu haugeuki wala haumfai mwenyewe, wakafanya mauaji makubwa. Na Machiavelli, mwandishi wa Florence aliyeyachambua mapigano hayo, alisema kwamba Wajerumani wale wangeangamia wote lau si askari wa farasi waliokuja kuwaokoa. Kinyume chake kilikwisha kuonekana huko Seminara mwaka 1495, ambako Waswisi wenye mikuki walishika safu zao barabara, wakawafagia Wahispania hao hao wa upanga.

Ng'ambo ya bahari ndiko Rodelero alikopata jina lake kubwa. Hernán Cortés alipokuwa Mexico mwaka 1520, katika watu wake wapatao 1,300, zaidi ya 1,000 walikuwa wa upanga na ngao. Na mwaka uliofuata alikuwa nao 700, ilhali wapiga bunduki na wapiga pinde za mtambo, wakihesabiwa pamoja, walikuwa 118 tu. Bernal Díaz del Castillo, aliyeandika habari za vita vile kwa kuviona kwa macho yake, alikuwa mmoja wao. Na tusidhani kwamba mambo hayo yalikuwa mbali na sisi, kwani katika zama zilezile Wareno, jirani wa Wahispania, waliishukia Kilwa mwezi Julai 1505 chini ya Francisco de Almeida, na mwezi Agosti wakaichoma Mombasa.

Sasa angalia jinsi mchezo ulivyogeuza mambo. Katika historia, farasi ndiye aliyekuwa balaa la Rodelero. Katika Age of Empires III, Rodelero ndiye balaa la farasi. Watengenezaji walihitaji Hispania iwe na askari wa miguu mzito wa kuzuia wapanda farasi, wakampa yeye kazi hiyo. Kwa hiyo mchezaji aliyesoma historia anaweza kupotea zaidi kuliko asiyesoma, maana yeye atamtuma Rodelero dhidi ya askari wa miguu, na atamficha wakati farasi wa adui wanapokuja. Na yote mawili ni kinyume cha inavyotakiwa. Iweke elimu hiyo kando kwa saa moja ya mchezo, kisha uirudie ukizima kompyuta.

Kwa nini: duara la wanaowindana

Mchezo huu umejengwa juu ya kanuni kwamba hakuna askari anayewashinda wote. Kila aina huwinda aina moja na huwindwa na nyingine, na mwenye kuikumbuka silsila hiyo katikati ya ghasia hushinda hata akiwa na askari wachache zaidi.

> KISANDUKU: NANI HUMSHINDA NANI
>
> – Askari wa miguu wazito (Rodelero, askari wa mikuki mirefu, wapiga muskete) huwashinda wapanda farasi wa kupigana kwa mkono.
>
> – Wapanda farasi hao huwashinda askari wepesi wa kulenga kutoka mbali, na huiangamiza mizinga isiyolindwa.
>
> – Askari wepesi wa kulenga kutoka mbali huwashinda askari wa miguu wazito, Rodelero akiwa miongoni mwao.
>
> – Mizinga ya falkoneti huwasambaratisha askari wa miguu wa kila namna wanapokuwa wamekusanyika.
>
> – Kalverini, mzinga wa masafa marefu, huwinda mizinga mingine.

Kisanduku hiki kina siri ya kazi ya Rodelero. Tazama mstari wa pili: farasi huwala askari wako wa kulenga. Hispania ina wapiga pinde za mtambo tangu zama za pili za mchezo, nao ni askari wazuri wa kuwapunguza wapiga muskete wa adui, lakini farasi wakiwafikia hawana la kufanya isipokuwa kufa. Hapo ndipo Rodelero anapopata thamani yake: yeye husimama jirani na wapiga pinde, farasi wakija huwapokea, na wapiga pinde huendelea na kazi yao kana kwamba hakuna lililotokea.

Ukimlinganisha na askari wa mkuki mrefu, ambaye Hispania inaye pia, Rodelero ni imara zaidi na hustahimili kipigo kwa muda mrefu, ingawa pigo la mkuki kwa farasi ni chungu zaidi. Ukimlinganisha na mpiga muskete, Rodelero ana miguu myepesi, lakini hana risasi, na kukosa risasi ndiko chanzo cha masaibu yake mengi. Bei yake siitaji hapa, kwa sababu toleo la 2005 na toleo la 2020 hayalingani, na marekebisho ya watengenezaji yamebadili hesabu mara kadhaa; weka kishale juu ya picha yake katika kambi ya askari, nayo bei itajitokeza.

Kabla ya vita, mashine

Toleo la 2005 liliandikwa kwa kompyuta za wakati ule, likahitaji megabaiti 256 tu za kumbukumbu na gigabaiti 2 za nafasi katika diski, hivyo hata laptopu kuukuu italicheza bila manung'uniko. Toleo la 2020 linataka nafasi ya zaidi ya gigabaiti 40, na kulipakua kwa bando la simu ni njia ya hakika ya kujifilisi. Mtu akiwa na safari ya mjini Kigoma au Mwanza penye intaneti ya uhakika, na alimalize huko. Tangu mwaka 2023 toleo hili jipya hupatikana bure kwa majaribio, lakini kwa mataifa machache yanayobadilishwa kwa zamu. Tazama kwanza kama Hispania imo katika zamu iliyopo, usije ukamaliza bando ukakuta umepewa kuongoza taifa jingine.

Nakala zinazozungushwa kwa flashi mitaani ziogope. Nyingi huja na virusi, na virusi havichagui kati ya gemu na kazi za shule zilizomo katika kompyuta hiyo hiyo.

> TAHADHARI
>
> Mvua za nyanda hizi, zinazoanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, huja na radi kali. Wingu likitanda juu ya milima, hifadhi mchezo, chomoa chaja ukutani, na ucheze kwa betri au uache kabisa. Umeme ukikatika ghafla hupoteza mchezo wa saa nzima. Radi ikipiga hupoteza kompyuta.

Kutoka mwanzo hadi Rodelero wa kwanza

Jeshi huanza shambani. Mchezaji anayeanza hutamani kuona panga mapema, akasahau kwamba kila Rodelero hulishwa na walowezi wanaochuma matunda na kuwinda nyama, na kwamba adui aliyezidi kwa walowezi kumi atakuwa amezidi kwa askari kabla hamjakutana. Fuata mpangilio huu hadi uwe mazoea, kisha uurekebishe kwa akili yako mwenyewe.

1. Panga karata zako kabla ya mchezo kuanza. Mji wa nyumbani wa Hispania, ambao ni Sevilla, hukuletea shehena kila unapotimiza alama za uzoefu, na fadhila kuu ya Hispania ni kwamba shehena zake huja upesi kuliko za wengine. Weka karata ya walowezi watatu, karata za mbao na sarafu 700 za zama za pili, na karata ya kundi la Rodelero. Usijaze karata za zama za mwisho, ambazo huenda usizifikie.

2. Usiache kuzaa walowezi. Kila mlowezi hugharimu chakula 100, na kituo cha mji kisikae kitupu hata kidogo. Wapeleke wengi katika chakula mwanzoni, wachache katika mbao.

3. Jenga nyumba kabla hujaihitaji. Nyumba moja huchukua mbao 100 na kukupa nafasi ya watu kumi. Maandishi yakikuambia nafasi imekwisha, umekwisha chelewa.

4. Mtumie mvumbuzi na mbwa wake. Mvumbuzi wa Hispania huandamana na mbwa wa vita, nao pamoja huua walinzi wa hazina zilizotapakaa uwandani. Baadhi ya hazina huongeza alama za uzoefu, na alama ni shehena.

5. Panda zama za pili kwa chakula 800. Wakati zama zinapobadilika, hamisha baadhi ya walowezi waende kwenye mbao, ili ufikapo uwe tayari na mbao 200 za kambi ya askari.

6. Peleleza ndipo uamue. Mpeleke mbwa au mvumbuzi hadi karibu na mji wa adui, uone amejenga nini. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi kuliko zote, ilhali ndiyo inayokuambia kama umhitaji Rodelero au humhitaji.

7. Fyatua askari kwa makundi. Kambi hukubali kuandaa hadi askari watano kwa wakati mmoja, na kundi la watano hutoka pamoja. Subiri hadi uwe na rasilimali za kundi zima, badala ya kuwatoa mmoja mmoja na kuwatuma mmoja mmoja kufa.

Katika hatua ya sita nitakaa kidogo, maana mengi hutegemea hapo. Ukiona zizi la farasi, au ukijua adui wako anaongoza Wajerumani, ambao karibu kila shehena yao huandamana na wapanda farasi waitwao Uhlan, au anaongoza Walakota, ambao nguvu zao zote zimo juu ya farasi, basi Rodelero ni chaguo lako na usisite. Ukiona kambi mbili za askari bila zizi, punguza Rodelero, zidisha wapiga pinde. Kuhusu Wajerumani kuna tahadhari nyingine: wana pia askari wa panga kubwa la mikono miwili, anayepiga watu kadhaa kwa dharuba moja, na makundi ya Rodelero yaliyosongamana mbele yake ni mavuno. Huyo muachie mpiga pinde.

Vitani: wapi asimame, lini aondoke

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo huu, nami nitakwenda polepole.

1. Gawanya jeshi katika makundi mawili yenye namba. Chagua wapiga pinde wote, bonyeza Ctrl na 1. Chagua Rodelero wote, bonyeza Ctrl na 2. Tangu hapo, kubonyeza 1 au 2 peke yake hukurudishia kundi husika. Anayeongoza jeshi lote kama donge moja hawezi kufanya lolote katika hatua zinazofuata.

2. Wapiga pinde watangulie kulenga, Rodelero asimame ubavuni mwao. Si mbele sana, maana ataingia katika shabaha ya adui pasipo faida. Wala si nyuma kabisa, maana farasi watakuwa wamekwisha fika kabla hajageuka. Ubavu ule ambao farasi wana uwanda wa kupitia ndio wake. Ubavu wenye msitu au maji jilinde nao bila askari.

3. Farasi wakitokea, bonyeza 2 na uwaelekeze Rodelero kwao kabla hawajagusa wapiga pinde. Usingoje kuona damu. Wakati huohuo bonyeza 1, uwavute wapiga pinde hatua chache nyuma, ili farasi wapite katikati ya panga kabla ya kuwafikia.

4. Farasi wakigeuka kukimbia, waache. Najua ni vigumu. Mtu anayelinda shamba la mahindi dhidi ya nyani huko pembezoni mwa Kibondo hafuati kundi hadi msituni, kwa kuwa anajua kwamba akipotea machakani, kundi jingine linaingia kwa upande wa pili. Na mchezaji mwerevu wa upande wa adui hufanya hivyo hasa, akikutolea farasi wachache kama chambo.

5. Wasiwafuate wapanda farasi wenye bunduki au upinde. Dragoni, na wapanda farasi wa upinde wa Walakota, hupiga, husogea, hupiga tena. Rodelero hatawafikia, na kila hatua anayopiga nyuma yao ni hatua ya kuelekea kaburini. Hao ni kazi ya wapiga pinde.

6. Ukiona mizinga, chagua moja kati ya mawili upesi. Ama uondoke, ama uifikie mizinga ikiwa bado inafunguliwa na kuwekwa tayari. Kusimama katikati ukifikiri ndilo kosa la kuua. Mizinga inapokuwa na walinzi wengi, kuondoka ni bora.

Kuhusu kuondoka, wapo wanaoona ni aibu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita katika nchi hii ya Uha, yenye Kasulu na Kibondo, akimtafuta Livingstone, msafara wake ukiwa na bunduki za kutosha. Lakini alipoona hongo inadaiwa na mtawala mmoja baada ya mwingine, hakuchagua vita. Alilipa alichoweza, kisha usiku akaiacha njia kuu, akawapitisha watu wake msituni hadi wakatoka katika nchi, akafika Ujiji. Sina mapenzi makubwa na Stanley, aliyekuwa mkali kwa wapagazi wake kupita kiasi, lakini katika usiku ule alifahamu jambo ambalo wachezaji wengi hawalifahamu: jeshi lililo hai kesho lina thamani kuliko heshima ya leo. Rodelero aliyerudi nyumbani ataulinda mji. Aliyekufa amempa adui alama za uzoefu, na adui amezigeuza shehena.

Makosa ya kila siku

*Kuwatuma Rodelero peke yao.* Kundi la watu ishirini wa upanga likitoka bila mlengaji hata mmoja linapendeza kulitazama, kisha linakutana na askari wepesi wa kulenga kutoka mbali, na hapo tamasha limekwisha.

*Kuwapigisha ukuta na majengo.* Wanaweza, lakini askari wa mkuki mrefu huvunja majengo vizuri zaidi, na mizinga zaidi yao wote. Rodelero anayegonga ukuta hamlindi mtu.

*Kusahau mahali pa kukusanyikia.* Askari wapya wakitoka kambini husimama mlangoni mpaka uwaite. Weka bendera ya mkusanyiko karibu na jeshi, lakini ndani ya himaya yako. Ukiiweka mbele ya mji wa adui, kila kundi jipya litakwenda lenyewe bila ulinzi.

*Kushindana na bei badala ya kazi.* Huambiwa kwamba fulani ni nafuu, basi mtoe fulani. Askari nafuu asiye na kazi ni ghali kuliko wote.

*Kumpenda mno.* Hili si la kucheka. Mchezaji akishamzoea Rodelero huendelea kumtoa hata baada ya adui kuacha farasi, kwa mazoea tu. Na mchezo mzima umejengwa ili kumwadhibu mwenye mazoea.

Zama za Ngome na kuendelea

Kupanda zama za tatu kunahitaji chakula 1,200 na sarafu 1,000, nako hufungua mambo mawili yanayomhusu askari wetu. La kwanza ni jema: unaweza kumpandisha cheo, akaongezewa uhai na nguvu, na ukiwa naye wengi usiahirishe jambo hilo. La pili ni baya: adui naye amefika, na huko ndiko falkoneti na askari wepesi wa bunduki wanapoanza kutoka. Tangu wakati huo jeshi lisilo na farasi wa kuiwinda mizinga, au kalverini, litateseka, hata Rodelero wake wawe hodari vipi. Hispania ina wapanda farasi wa mkuki ambao ni wakali kwa askari wa miguu; waoanishe na Rodelero, wao wakishambulia na yeye akilinda wapigaji. Katika zama za nne, Rodelero ni miongoni mwa askari wawili wa Hispania wanaopata daraja la walinzi wa mfalme, mwingine akiwa huyo mpanda farasi wa mkuki. Mwenye kufika huko na mfuko uliojaa sarafu ana sababu njema ya kuwatunza wote wawili.

Orodha ya kujikagua kabla ya kutoa amri ya kwanza ya vita

☐ Nimeona kwa macho askari wa adui ni wa aina gani.

☐ Kila Rodelero ana wapiga pinde wa kuwalinda.

☐ Makundi yangu yana namba, nami nazikumbuka.

☐ Kituo cha mji bado kinazaa walowezi.

☐ Shehena iliyotimia sijaisahau.

☐ Najua njia ya kurudi, nayo haijazibwa na ukuta wangu mwenyewe.

☐ Mchezo umehifadhiwa, chaji ya betri inatosha.

Zoezi

Usomaji peke yake hautafundisha mkono. Anzisha mchezo dhidi ya kompyuta yenyewe, katika daraja rahisi, wewe ukiwa Hispania na mpinzani akiwa Wajerumani, katika uwanda mpana usio na maji mengi. Wajerumani nawapendekeza kwa sababu ya wale Uhlan wanaokuja na shehena: hutakosa farasi wa kufanyia mazoezi. Jiwekee sharti la kutotoa askari wengine katika zama za pili ila wapiga pinde na Rodelero, wapiga pinde wawili kwa kila Rodelero mmoja, na usiushambulie mji wa adui kabisa. Kazi yako ni moja: kila farasi wanapokuja, hesabu wapiga pinde wako kabla na baada. Ikiwa wanapungua, Rodelero wako wanasimama mbali mno au wanakimbiza. Ikiwa hawapungui, pandisha daraja la mpinzani ngazi moja.

Ukishaliweza hilo, tafuta mwenzio mwenye laptopu. Toleo la 2005 huruhusu kompyuta mbili kuunganishwa kwa waya bila intaneti wala bando, mradi zote zina marekebisho yaleyale. Mmoja awe Hispania, mwingine Wajerumani, kisha mbadilishane. Utakapokaa upande wa Wajerumani ukimtafuta Rodelero wa mwenzio aliyesimama vibaya, utaona mara moja ni ubavu upi uliokuwa ukiuacha wazi.